Ping 300: kosa si la simu yetu

Siye vijana wa Lubumbashi, tukipigwa mu mchezo juu ya lag, wanatuambia: "Nunueni simu mupya." Tunakataa. Tupime kwanza.

Fanya ping ku ruta ya nyumbani. Ikiruka-ruka, shida iko kwako: sogea karibu, tumia kabo, simamisha dawnlodi za wengine. Ikibaki 2 ao 3, nyumba iko sawa. Sasa fanya traceroute hadi seva ya mchezo, uangalie ni hatua gani namba inapanda.

Kutoka hapa hadi Johannesburg ni karibu kilomita 1,600. Ndani ya fibre, kwenda na kurudi ni milisekunde 16 hivi. Njia ikizunguka, hata 60 tutakubali. Lakini 300? Tulipopima, data ilikuwa inapanda kwanza Ulaya, ndipo inashuka Afrika Kusini!

Na si mchezo tu. Ni njia ile ile tunapitishia mahojiano ya kazi, siye wenye diplome bila kazi. Sauti ikikatika, nafasi imeenda.

Basi tuchukue picha za ekrani, tarehe na saa, tuzipeleke pamoja kwa opereta na kwa mdhibiti. Malalamiko matupu wanayacheka. Vipimo vya watu mia, watavijibu.