Tunaonja Lebo

Mwaka jana, mbele ya watu kama arobaini hapa Mpanda, nilisema uongo kuhusu divai.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga mstaafu. Mzee mwenyeji alikuwa na chupa ya Bordeaux ya mwaka 2005, zawadi ya mgeni aliyepita huku zamani. Kwa miaka tisa ilikuwa imesimama wima juu ya kabati la sebuleni, chini ya bati. Anayeijua Oktoba ya Mpanda ameshaelewa. Kwa kuwa niliwahi kuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja Dar es Salaam, nikaitwa nionje kwanza. Rangi ilikuwa ya kahawia, kama chai iliyolala. Harufu ni ya zabibu kavu zilizopikwa zikaungulia sufuriani, na nyuma yake siki. Nikaimeza. Nikaitazama lebo, nikawatazama watu, nikasema, "Imekomaa." Makofi!

Mjomba wangu, mrina asali wa Inyonga, alikuwa amekaa karibu na mlango. Alionja kidogo tu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hii iliungua kwanza, halafu ikachacha." Watu wakacheka. Mtu wa porini atajua nini kuhusu divai ya Mfaransa? Na mimi nikacheka nao, jamani.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na usemi mmoja ninaousikia kila mahali, hata kwa wasomi: eti Kiswahili hakina maneno ya kuonjea, kina "tamu" na "chungu" basi, kwa hiyo mtu akitaka kueleza divai inabidi aazime ulimi wa wenyewe. Huo ni uvivu. Mjomba alitumia vitenzi viwili, akaeleza ugonjwa wa chupa ile kwa usahihi, na kwa mpangilio wake.

Chukua divai nyekundu nzuri ya Bordeaux ikiwa bado changa. Kinachokupokea kwanza ni ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi, unaokausha ulimi na kukwaruza fizi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na wataalamu wanauita tanini. Pamoja nao kuna ugwadu. Ukiilaza chupa mahali penye giza na ubaridi wa digrii 12 hadi 14 hivi, kizibo kikibaki na unyevu, tanini zinashikana taratibu na nyingine zinashuka chini kuwa mashapo. Ukakasi unalainika. Rangi inatoka kwenye zambarau kwenda kwenye tofali. Harufu ya matunda mabichi inarudi nyuma, na mahali pake inakuja tumbaku, ngozi, majani yaliyolowa, uyoga. Sasa niambie, ni Mkatavi gani asiyejua harufu ya uyoga? Aliyepita pori la Mlele mvua za kwanza zikishanyesha anaijua tayari nusu ya harufu ya Bordeaux iliyozeeka vizuri. Kitu asichokijua ni kwamba anaruhusiwa kuitaja.

Mimi niliionja mara moja tu iliyotunzwa inavyopaswa. Mgeni aliacha theluthi ya chupa, nikainywa jikoni baada ya zamu, kwenye kikombe cha chai. Mwanzoni ilikuwa imejifunga, haina neno. Baada ya robo saa ikaanza kunukia. Baada ya nusu saa ilikuwa kitu kingine kabisa, laini, na ladha ikikaa mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Nilikaa kwenye kreti la soda nikiogopa kumaliza. Kwa hiyo sisemi divai ile ni majigambo ya Wazungu. Ni kitu cha ajabu kweli, na ndiyo maana inaniuma kuona maiti yake ikipigiwa makofi.

Maana umri peke yake haufanyi chochote. Divai nyingi duniani zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache. Hata ile inayostahili kungoja ina kilele chake, ikikipita inakuwa chapwa. Na joto haliikomazi, linaipika.

Wenyewe Wafaransa nao hawajapona ugonjwa huu wa lebo. Ile orodha maarufu ya madaraja ya Bordeaux ya mwaka 1855, iliyoandaliwa kwa ajili ya maonesho ya Paris, ilipangwa na madalali kwa kufuata bei za sokoni, na mpaka leo imeguswa kidogo mno. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lao. Waonjaji 54 walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalikuwa yameshaonja kabla ya ulimi. Sasa kama hao walinaswa, sisi wa chini ya bati tuna kisingizio? Kidogo. Lakini wao angalau walijipima, wakachapisha aibu yao.

Kuna watakaosema divai ya Kifaransa haituhusu kabisa. Inatuhusu. Neno "divai" lenyewe limetoka Kifaransa. Karema, kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika katika mkoa huu huu, White Fathers waliingia mwaka 1885. Na Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Tatizo langu halipo kwenye kinywaji.

Baada ya ile sherehe nilikwenda Inyonga kumwomba mjomba radhi. Hakutaka maneno mengi, akanipa vijiko vitatu. "Ya kwanza?" Nikasema tamu. "Ya pili?" Tamu. Akatikisa kichwa. Ya pili, akanionesha, mrinaji alizidisha moshi, na ukiisubiri utaukuta umejificha kooni. Ya tatu ilirinwa kabla nyuki hawajaziba masega, maji mengi, miezi michache itachacha. Niliporudia kuonja, kila kitu kilikuwepo. Kilikuwepo tangu mwanzo!

Halafu akaniambia kinachomkera. Mnunuzi akija anapima ndoo tu. Safi na yenye moshi, iliyoiva na mbichi, zote zinamiminwa kwenye pipa moja kwa bei moja. Ikifika mjini ikaganda, wanasema imetiwa sukari, wakati asali nyingi halisi huganda zenyewe. Vijana wake wameshamwuliza kwa nini wajisumbue kusubiri masega yazibwe. Hana jibu la kuwapa. Mimi niliyesoma, ninayeandika, ningeweza kumsaidia kulipata, kwa sababu mnunuzi hatalipia tofauti ambayo hakuna anayeitamka. Badala yake nilitumia elimu yangu kumcheka alipoitamka.

Na sisi wa uhakiki tusijifanye hayatuhusu. Riwaya ikitoka na jina kubwa kwenye jalada, tunaandika nini? "Kazi iliyokomaa." Mara ngapi tumeiandika hiyo huku tukihisi siki kooni?

Mwezi uliopita nilimfuata mzee mwenyeji, kwa sababu ana chupa ya pili, ndugu ya ile. Iko juu ya kabati lile lile, anaingoja ndoa ya mjukuu wake. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, ile ya siku ile ilikuwa imeshakufa. Nilidanganya."

"Marahaba," akasema. "Nilijua. Nilikuwa nasubiri wewe useme, si ndiye tuliyekuita uonje?"

Nikamwuliza basi na hii iliyobaki ataifanyaje. Akaitazama muda mrefu. Akasema niende Jumapili, nije na mjomba wangu.