BUSTANI YA NYUMBANI: Uozo Mweusi wa Kabichi

Mvua zikishika kasi huko Ngarama na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mama mwenye matuta machache ya kabichi huanza kuhesabu: hizi za mboga ya nyumbani, hizi za sokoni zilete ada ya shule. Kisha asubuhi moja huona majani ya chini yamekuwa manjano. Wengi hudhani ni upungufu wa mbolea, wakaongeza samadi. Kumbe siku hizo ndizo ugonjwa unazozitumia kuenea.

Tazama kwa makini. Jani lililokosa mbolea huwa manjano lote. Jani lenye uozo mweusi huanzia ukingoni, kwa umbo la pembe tatu ambayo ncha yake imeelekea katikati ya jani, na mishipa yake hugeuka myeusi. Kata shina kwa kisu: ukiona duara jeusi ndani yake, shaka imekwisha.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Hupenya kwenye vitundu vidogo vya ukingo wa jani, au kwenye majeraha ya wadudu na ya jembe. Hupenda joto na unyevu. Mche uliokwisha kuugua hauna tiba. Dawa nyingi za ukungu haziwaui bakteria, na zile za shaba hupunguza tu kuenea kwao.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Nunua mbegu katika pakiti iliyofungwa. Ukiitilia shaka mbegu, mwombe bwana shamba akusaidie kuiloweka katika maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25 hadi 30, kwa kutumia kipimajoto. Maji yakizidi moto, mbegu hufa. Yakipungua, bakteria hupona.

2. Mahali palipougua, usipande kabichi, sukuma wiki wala figili kwa miaka miwili au mitatu. Panda mahindi au maharage.

3. Acha nafasi ya sentimita 60 kati ya miche, na umwagilie shinani, si juu ya majani.

4. Usipalilie majani yakiwa yamelowa, kwani mikono na nguo hubeba ugonjwa.

5. Ng'oa mche mgonjwa mara moja, uufukie mbali na bustani au uuchome. Usiutupe kwenye lundo la mboji. Kisha osha mikono na jembe.

Kabichi iliyoguswa kidogo isitupwe: ondoa majani mabovu, upike yaliyo mazima, kwa maana bakteria hawa hawamdhuru mlaji. Ila ikianza kulainika na kunuka, imeingiliwa na uozo mwingine, hiyo haifai.

Mwisho, mwambie jirani. Maji ya mvua yateremkayo kutoka bustani yako hadi yake hayajui mpaka. Kung'oa mche mmoja leo kunauma, lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta.