MNAVU WA NYANYA SI SUMU

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu muhula uliopita. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nitaongeza: ujinga ni kuuliza mahali pasipofaa kisha ukaamini jibu la kwanza.

Kwetu ni Laini Saba, Kibera. Nyanya yangu hana shamba. Ana magunia matatu ya udongo mlangoni, kama yale yaliyoenea hapa kwetu tangu mwaka 2008. Humo hupanda sukuma wiki na mnavu, ule ambao wengine huita managu, osuga au rinagu. Mboga zikistawi tunakula vizuri. Zikikauka, ni ugali na chumvi.

Mwalimu wa biolojia alikuwa ametuagiza kila mmoja achunguze mmea mmoja wa nyumbani. Nikachagua mnavu. Jumamosi nikaenda saiba, nikalipia nusu saa, nikaandika jina la Kiingereza la mnavu kama nilivyolipata kwenye kamusi. Lo! Kompyuta ikaniambia eti huo ni mmea wa mauti, tunda chache tu zatosha kumuua mtoto. Nilitoka mbio hata dakika zangu hazijaisha. Nikafika nyumbani, nikakuta sufuria jikoni inatokota, nikainyakua na kumwaga mboga yote mtaroni.

Nyanya alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mama yako nilimlea kwa mboga hii. Sasa leo tutakula hiyo kompyuta yako?" Sikuwa na jibu. Usiku huo tulilala na chai ya rangi, na mdogo wangu alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Jumatatu nilimweleza mwalimu. Hakunicheka. Aliniuliza, "Darasani mwenu akina Otieno ni wangapi?" Nikamwambia watatu. "Basi Otieno mmoja akivunja dirisha, tuwaadhibu wote watatu?" Kumbe lile jina la Kiingereza hubebwa na mimea mingi tofauti! Ule wa mauti ni Atropa belladonna, mmea wenye asili ya Ulaya na nchi za jirani zake. Mnavu wetu wa kupandwa ni wa jenasi ya Solanum, jenasi moja na viazi na biringanya. Aina zinazopandwa sana huku kwetu ni Solanum scabrum na Solanum villosum. Majina haya ya maneno mawili, ambayo Linnaeus aliyatumia kwa mimea yote katika kitabu chake cha mwaka 1753, sisi huyakariri kwa ajili ya mtihani tu. Mimi nilikuwa nimeyakariri, na bado nikamwaga chakula.

Wasomaji, jina la kisayansi ndilo ufunguo. Nilirudi saiba na ufunguo huo, nikabisha hodi kwenye milango mingine. Wa kwanza ni Plants of the World Online, tovuti iliyofunguliwa mwaka 2017 na bustani ya Kew kule London. Ukiandika jina la mmea, unaonyeshwa jina lililo sahihi na nchi unakoota. Wa pili ni GBIF, inayokusanya kumbukumbu za viumbe kutoka nchi nyingi: nani alikiona, wapi, na mwaka gani. Wa tatu ni GenBank ya Marekani, iliyoanza mwaka 1982, ambako wanasayansi huweka herufi za DNA za viumbe wa kila namna. Yote mitatu haitozi hata shilingi.

Tena msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na taasisi ya ILRI, hapa hapa Nairobi, walichapisha jenomu ya njahi, na mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Nasi tuna hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa, iliyoanzia Amani, Tanzania, mwaka 1902.

Najua wako watakaosema hayo ni ya maprofesa, sisi tusubiri chuo kikuu. Nawauliza: je, sufuria ya nyanya ingesubiri? Wengine watasema bando ni ghali. Hapo nakubali kabisa. Lakini ghali zaidi ni kuwa na bando na usijue uandike nini. Milango hii imepangwa kwa majina ya kisayansi, na maelezo yake mengi ni ya Kiingereza. Anayejua "mnavu" tu anabaki nje, hata kama ameupanda miaka arobaini.

Hii basi ndiyo kazi ya Chama cha Kiswahili. Naomba mambo mawili. Kwanza, tutengeneze chati ya mboga ishirini za Kibera: jina la Kiswahili, majina ya lugha zetu za nyumbani, na jina la kisayansi. Ibandikwe maktabani. Pili, walimu wetu waturuhusu kutumia maabara ya kompyuta saa moja kila Ijumaa baada ya masomo, maana sisi wa kutwa tukishatoka getini, kompyuta ni ya kulipia.

Mimi nimeanza na mnavu. Nilipomsomea nyanya niliyoyaandika, alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya, sasa nenda ukachote maji umwagilie." Nilikwenda. Mboga niliyoimwaga hairudi, lakini wewe msomaji usimwage yako.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu