MLANGO UNAFUNGULIWA KWA MWEKEZAJI. JIRANI YAKO APITIE WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo ni refu kidogo. Kama huna nafasi sasa, lihifadhi ulisome baada ya futari, lakini usinijibu kabla hujafika mwisho.

Tangu Mama Samia aapishwe tarehe 19 Machi, kufuatia msiba wa Rais Magufuli, naona maneno ya aina mbili kwenye ukurasa huu. Wapo wanaosema, "Sasa ni zamu yetu Waislamu." Na wapo wanaosema, "Sasa Mama aisafishe Kagera, wahamiaji haramu wote waondoke." Wengine mnayasema yote mawili siku moja, tena mkiwa na saumu. Nimenyamaza wiki nzima. Leo sinyamazi.

KWANZA: HILI LA "ZAMU YETU"

Urais si uimamu. Rais hakuapa kuwa wetu, ameapa kuwa wa nchi. Na sisi dini yetu haikutufundisha kuomba upendeleo, imetufundisha kuomba uadilifu. Rejea Suratun Nisaa aya ya 135: tumeamrishwa kusimamisha uadilifu hata kama utatuumiza sisi wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Rejea Suratul Maida aya ya 8: chuki yetu kwa watu isitupeleke kwenye dhulma. Basi kama tuna ombi kwa serikali hii mpya, tusiombe vyeo. Tuombe haki, na tuanze na haki ya yule asiye na msemaji.

PILI: NINI KIMESEMWA, NA NINI HAKIJASEMWA

Tarehe 11 Aprili Rais alikuwa Uganda, safari yake ya kwanza nje ya nchi tangu aapishwe, kwa ajili ya mikataba ya bomba la mafuta. Bomba hilo la zaidi ya kilomita 1,400 litatoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Litaingilia hapa hapa kwetu Missenyi, lipite Bukoba vijijini na Muleba, mpaka Biharamulo. Tarehe 22 Aprili akalihutubia Bunge Dodoma, na moja ya mambo aliyoyagusa ni usumbufu wa vibali vya kazi kwa wawekezaji na wataalamu wao. Akataka urasimu upungue.

Mimi sipingi. Mgeni anayekuja kwa heri apokewe kwa heri. Lakini soma alama za nyakati. Mageuzi ya uhamiaji kwa mwenye mtaji yatakuja, tena upesi, kwa sababu pesa ina miguu. Ndugu zetu wa ughaibuni nao wanadai uraia pacha. Naona huo hawatapewa, ila huenda wakapata nusu mkate, ile hadhi maalumu iliyotajwa katika Katiba Inayopendekezwa ya 2014. Lakini maskini wa mpakani, yule aliyezaliwa hapa na bado anaitwa mgeni, sijasikia amesemewa neno lolote. Na hatasemewa kama sisi tunaoishi naye tunashangilia aondolewe.

TATU: MZEE WA MTAANI KWETU

Yupo mzee hapa Hamugembe, jina lake nalihifadhi. Baba yake alitoka Rwanda enzi za Mwingereza akaja kulima kahawa kwenye kibanja cha Mhaya. Wenye umri wangu mnajua kwamba mikono mingi iliyopalilia kahawa ya Buhaya ilitoka Rwanda, Burundi na Ankole. Mzee huyu amezaliwa hapa, ameoa hapa, amezika wazazi wake hapa. Alfajiri akikosekana safu ya kwanza, tunajua anaumwa.

Mjukuu wake aliomba kitambulisho cha taifa. Jirani mmoja akapeleka maneno kwamba hao si watu wa hapa. Jirani huyo na mzee wana ugomvi wa mpaka wa kibanja, mtaa mzima unajua. Maombi yakasimama. Ilipofika Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa. Ya kijana ikazimwa. Bila namba ya NIDA hana laini. Bila laini, abiria hawezi kumpigia aende na bodaboda, na hakuna wa kumtumia hela. Kijana mzima anaazima simu ya mama yake.

Sasa nakuuliza wewe uliyeandika "waondoke wote": huyu aende wapi? Rwanda hana shangazi wala shamba. Kinyarwanda hajui. Anajua Kihaya na Kiswahili, na Qur'ani amesoma madrasa hii hii.

Jambo ambalo wengi hamlijui ni hili. Chukua Sheria ya Uraia, Sura ya 357, iliyotungwa mwaka 1995. Soma kifungu cha 5. Maneno yake ni kwamba anayezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, kuanzia siku ya Muungano na kuendelea, ni raia kwa kuzaliwa. Waliotolewa ni watoto wa wanadiplomasia wa nje na mtoto wa adui aliyezaliwa katika eneo lililotekwa. Lakini ukifika mezani kwa watendaji, unaambiwa lazima mzazi mmoja awe raia. Basi ukiitwa mgeni wewe, na mwanao anaitwa mgeni, na mjukuu pia. Ugeni unarithiwa kama kibanja!

NNE: "LAKINI SHEKHE, NCHI INA MIPAKA"

Naam, ina mipaka, na serikali ina haki ya kuilinda. Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa hilo. Nilikuwa mtoto mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia, daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakakimbia na magodoro kichwani. Na mkataba wa mpaka ni jambo zito katika dini. Mtume (s.a.w.) alipofunga mkataba wa Hudaybiya, Abu Jandal alifika akiwa na minyororo miguuni akiomba hifadhi, na akarudishwa kwa sababu ahadi ilikwishatolewa. Masahaba waliumia sana, lakini ahadi ikatimizwa. Kwa hiyo aliyevuka Mutukula jana kwa njia ya panya, amedanganya jina na kununua barua ya mtaa, mimi simtetei. Na aliyemuuzia barua hiyo simtetei pia.

Lakini soma na kisa cha pili. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi, Makureshi walimtuma Amr bin Al-As na zawadi, ili Najashi awarudishe bila kuwasikiliza. Wakubwa wa baraza walipokea zawadi na wakaunga mkono. Najashi akakataa kuhukumu mpaka awaite wenyewe. Jaafar bin Abi Talib akasimama, akajieleza. Baada ya hapo Najashi akaamuru zawadi zirudishwe na watu wabaki kwa amani. Tazama alichofanya mfalme yule ambaye hakuwa Mwislamu siku ile: alisikiliza kwanza, halafu akaamua, na hakununuliwa.

Hicho ndicho kilichokosekana kwetu. Mwaka 2006 watu walifukuzwa mkoani hapa. Mwaka 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa muda wa wiki mbili, kisha mwezi Septemba ikaja Operesheni Kimbunga katika Kagera, Geita na Kigoma. Majambazi wenye silaha walikuwepo, na kuwasaka ilikuwa haki. Lakini katika maelfu waliosukumwa kuvuka mpaka walikuwamo watu walioishi hapa miongo mingi, wenye wake na watoto wa Kitanzania, na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza wasiwasi wake hadharani. Wangapi kati yao walisikilizwa na hakimu kabla ya kuondolewa?

TANO: TUOMBE NINI

Mbunge na diwani wenu mkikutana nao siku ya Iddi, msiishie kupiga picha. Waambieni haya.

1. Kifungu cha 5 kifuatwe kama kilivyoandikwa. Kama serikali inaona hakifai, ikipeleke bungeni kijadiliwe mchana kweupe. Sheria isibadilishwe mezani kwa mdomo wa mtu.

2. Mtu asifukuzwe nchini kwa neno la jirani. Apelekwe mahakamani, asikilizwe, apewe nafasi ya kuleta mashahidi.

3. Wakaazi wa muda mrefu wasio na makaratasi wafunguliwe njia. Msiniambie haiwezekani. Nchi hii hii iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbia mwaka 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Tanzania haikuzama.

4. Mwanamke wa nje akiolewa na Mtanzania, sheria inamfungulia njia ya uraia kwa ndoa yake. Binti yetu akiolewa na Mganda, mume hana njia hiyo. Wapo watakaosema nasaba ni ya baba. Sawa, nasaba ni ya baba, lakini uraia si nasaba. Ni karatasi ya serikali, na karatasi inapaswa kuwa na uadilifu kwa binti kama kwa kijana.

5. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao. Sisi soko la pamoja la Afrika Mashariki tuliliingia Julai 2010, lakini hapo Mutukula kitambulisho changu hakitoshi. Kama mafuta yanaweza kuvuka, basi na mama mwenye mkungu wa ndizi avuke bila kunyanyaswa.

SITA: NA SISI TUJISAFISHE

Mkisema kosa ni la serikali peke yake, mnajidanganya. Nani hupeleka maneno? Ni sisi. Ushahidi wa uongo umetajwa na Mtume (s.a.w.) pamoja na madhambi makubwa kabisa. Wewe uliyemwita mwenzako "si raia" ili upate migomba yake, kumbuka hadithi ya mwenye kudhulumu ardhi japo shibiri moja na atakachovishwa shingoni Siku ya Kiyama. Saumu yako ya leo haikufuti dhulma ya jana mpaka umrudishie mwenyewe haki yake.

Wazazi, kateni vyeti vya kuzaliwa mapema. Msingoje mtoto afike kidato cha nne ndipo mtafute mashahidi, na wenyewe wamekwishakufa.

Na wewe mwenye ndugu Kampala, Muscat au Uingereza: wakifukuzwa huko, unalia na kuomba dua. Mfanyie wa hapa unachotaka ndugu yako afanyiwe huko.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipoipiga Bukoba, nyumba za Hamugembe zilianguka bila kuuliza nani ni raia. Tulitoana kwenye vifusi, tukalala nje pamoja, tukala chungu kimoja. Yule mzee niliyewaambia alikuwepo, akichimba kwa mikono. Hakuna aliyemwomba kitambulisho siku ile. Ansari wa Madina walisifiwa katika Suratul Hashri kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza hata wao wenyewe wakiwa na dhiki. Sisi hatujaombwa hata kutoa nusu ya mali kama Saad bin Rabii alivyotaka kumpa Abdurrahman bin Auf. Tumeombwa tu kusema kweli kuhusu jirani.

Jumamosi baada ya alasiri nitakwenda na huyo kijana kufuatilia maombi yake. Natafuta wazee watatu waliomjua babu yake tangu utotoni, waje kushuhudia. Kweli tupu, bila kuongeza wala kupunguza. Anayemjua anajua nyumbani kwangu.

Ewe Mola, mwongoze kiongozi wetu kwenye uadilifu, mpe washauri wakweli, na utuepushe kuwa sababu ya dhulma kwa waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Imamu wenu, Hamugembe, Bukoba. Ramadhani 1442. Ruhusa kusambaza, usipunguze maneno.