Gemu za anga zinatupimia umbali kama makanga

Unaijua ile "dakika tano tunatoka" ya makanga. Umekaa ndani ya matatu, dakika ishirini zimepita, na ukiuliza unaambiwa bado ni dakika tano. Shikilia hiyo hasira kidogo, twende nayo angani.

Elite Dangerous ni gemu ya kampuni ya Uingereza, Frontier Developments, iliyotoka 2014. Unapewa chombo na galaksi yetu yote kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400. Ni tamu, sikatai. Lakini kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa gemu za aina hii wanafaa kurekebisha: jinsi skrini inavyokuonyesha umbali.

Ukiwa karibu na kituo unasoma mita. Ukisonga mbali zinakuwa kilomita, kisha sekunde za nuru, mwishowe miaka ya nuru. Sekunde moja ya nuru ni kama kilomita 300,000. Mwezi uko sekunde 1.3 hivi kutoka hapa ulipo, na jua kama sekunde 500. Hayo ni masomo ya bure. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na kipimo hiki nilikielewa kwa gemu, si darasani.

Shida inaanza pale kipimo kinapobadilika bila kukushtua. Chukua kituo kinachoitwa Hutton Orbital, katika mfumo wa Alpha Centauri. Ukifika kwenye mfumo huo, umbali wake unaandikwa 0.22. Mgeni anasoma nambari, hasomi zile herufi mbili ndogo kando yake. 0.22 ni karibu, ama? Kumbe ni miaka ya nuru. Ukigeuza, unapata sekunde za nuru zaidi ya milioni 6. Kwa injini ya kawaida, utakaa zaidi ya saa moja ya maisha yako ukitazama chombo kikienda mbele tu. Wachezaji wakongwe wameufanya mtego: wanamwambia mgeni kuwa huko kuna chombo kikubwa aina ya Anaconda, cha bure. Mgeni anafunga safari. Akifika, hakuna kitu.

Utaniambia, si waonyeshe muda basi? Hata sisi hapa Nairobi hatupimi Rongai kwa kilomita, tunapima kwa saa utakazokaa kwenye msongamano. Sawa, lakini muda nao una ujanja wake. No Man's Sky, gemu ya 2016, hukuonyesha muda uliobaki kufika kwenye sayari. Ukienda polepole unaambiwa ni safari ya saa nyingi. Washa ile injini ya kasi, saa zinageuka sekunde. Nambari inategemea kasi uliyo nayo sasa hivi, haijui utaendaje mbele. Elite nayo ni vivyo hivyo. Ukikaribia sayari, mvuto unakupunguzia kasi, na saa inaweza kuganda kwenye sekunde sita au saba huku umbali ukizidi kupungua. Hapo ndipo makanga anapoingia: bado ni dakika tano.

Kwa hivyo wafanye nini? Kwanza, orodha moja itumie kipimo kimoja. Kama kituo cha kwanza kimeandikwa kwa sekunde za nuru, cha mwisho kiandikwe hivyo pia, hata nambari ijae skrini. Nambari ndefu ndiyo onyo lenyewe. Pili, muda wa safari uonyeshwe kabla hujaondoka, ukihesabu na sehemu za kupunguza mwendo. Kompyuta inajua chombo chako na inajua sayari ziko wapi, haina kisingizio. Tatu, umbali na muda vikae pamoja, kimoja kikisema uongo kingine kikiumbue.

Na usiseme eti ni gemu tu. Kuna watu mtaani wanalipia kiti cha kuchezea kwa saa, wengine wanahesabu tokeni za stima. Saa moja iliyofichwa nyuma ya 0.22 ni pesa ya mtu.

Tena ujanja huo haujabaki angani. Riba ya mkopo wa simu ikiandikwa asilimia 1 kwa siku inaonekana mchezo. Zidisha kwa siku 30, umefika 30 kwa mwezi. Nambari ni ndogo kwa sababu kipimo kimebadilishwa, na wewe umebonyeza "kubali" tayari.

Wewe unayejifunza kutengeneza programu, nakuomba usitufanyie hivyo. Na wewe unayecheza, kabla hujawasha injini, soma zile herufi ndogo kando ya nambari.