Mpelekeni mtoto Kombewa, na neti yake

Mwandishi, katika makala yako mengine yote nakubaliana nawe ila hapo pa kumwacha mtoto Nairobi “mpaka akue kidogo” kwa sababu ya malaria. Akue mpaka lini, na nyanya yake anazidi kuzeeka? Sisi Krismasi tulienda Kombewa, huko Seme, vizazi vinne, wa mwisho ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Ni kweli mtoto wa Nairobi hana kinga kama ya binamu zake wa Seme, na wengi wao kule wamechanjwa. Chanjo yenyewe ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto hapo hapo Kombewa kuanzia 2009, WHO ikaja kuipendekeza 2021. Basi beba neti, mvalishe mikono mirefu jioni, na akipata joto usingoje sikukuu iishe, kapime damu siku hiyo hiyo. Na wewe msomaji uliyetoa maoni kwamba wazee wa ushago hulisha watoto ovyo, umewahi kumwona nyanya akimlisha kitukuu samaki wa ngege? Anachambua mnofu, anausugua kati ya kidole gumba na cha shahada kutafuta mwiba, anarudia, ndipo anaubandika kwenye katonge ka ugali. Mimi mamake sina subira hiyo, na nilifurahi kukaa pembeni na chai yangu. Kilichotukera hasa ni matatu ya kutoka Kisumu: stejini tuliambiwa mtoto anapakatwa bure, kufika Kisian konda anadai nauli yake kamili, na bado nimempakata. Hiyo ndiyo ungeandikia makala.