Kilomita Hutudanganya

Waswahili husema safari ni hatua. Mimi naongeza kuwa hatua hazilingani.

Mpenzi msomaji, katika somo la Jiografia tunafundishwa kupima umbali kwa uzi na rula juu ya ramani. Ni jambo zuri, na mtihanini lina maksi zake. Lakini mimi naonelea kuwa mtu akiuliza mahali ni mbali kiasi gani, atajiwe saa kwanza, kilomita baadaye.

Chukua Nairobi na New York. Kati ya miji hiyo kuna takriban kilomita 11,800. Zamani msafiri alilazimika kubadilisha ndege Ulaya, Uarabuni au kwingineko, akangoja huko masaa. Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja. New York haikusogea hata hatua moja, lakini ikawa karibu zaidi. Tena kuna ajabu: kwenda ni kama saa 15, kurudi ni kama saa 14. Mbona, na miji ni ile ile? Ni upepo. Kule juu sana kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ikienda Marekani hupigana nao, ikirudi husukumwa nao.

Hata si lazima tufike Marekani. Nairobi hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400, na ndege hukaa angani kwa muda usiozidi saa moja. Hapa Machakos hadi Nairobi ni kilomita 64 hivi. Hebu panda matatu Jumatatu asubuhi, ukwame kwenye jam ya Mlolongo, halafu uniambie ni safari gani iliyo ndefu! Kile kituo cha mabasi cha Nairobi watu walikibandika jina la "Machakos Airport", lakini nani aliwahi kuruka jam?

Sasa nije kwa jambo linaloniuma. Sisi wanafunzi wa kutwa tukichelewa huulizwa, "Kwenu si ni kilomita tano tu?" Kisha sote tunapelekwa kufyeka nyasi. Mimi nakaa kando ya lami. Mwenzangu mmoja anatoka nyuma ya vilima vya Iveti. Kilomita zake ni chache kuliko zangu, lakini ni za kupanda na kuteremka kwa miguu, gizani, na mvua ikinyesha ni tope tupu. Je, adhabu yetu iwe moja? Hapana, hiyo si haki.

Najua wako watakaosema kuwa tukiulizwa dakika tutadanganya. Dawa ipo. Kiranja mmoja aifuate kila njia mara moja tu, saa ikiwa mkononi, wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua. Dakika hizo ziandikwe katika rejista kando ya jina la kila mwanafunzi. Hapo mwalimu wa zamu atamjua aliyelala na aliyetembea.

Walimu wetu wapendwa, tunawaheshimu na hatuombi kuachiliwa tuchelewe tupendavyo. Tunaomba tupimwe kwa kipimo cha kweli. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.